Kadi ya Meja na Swali la Pili

Wiki iliyopita mlinifanyia karamu ya kuniaga. Keki ilikuwa na umbo la kompyuta, hotuba zilikuwa ndefu, na zawadi ilikuwa saa ya ukutani, kwa kuwa mtu aliyestaafu ndiye hasa anayehitaji kujua ni saa ngapi. Nawashukuru. Soda zilipokaribia kuisha, Brenda alipata ujasiri akaniuliza jambo ambalo najua mlikuwa mkilinong'ona kwa miaka: "Hajati, mbona kila skripti yako ina if ndani ya if, na ile ya ndani haifanyi kitu?" Mkacheka wote, hata mkuu wa kitengo, ambaye hajawahi kuandika skripti maishani mwake. Nilijibu kwamba ni uzee. Sasa nimekaa nyumbani Kisugu, saa yenu iko ukutani, na nina nafasi ya kutoa jibu la kweli.

Vyeo na mishahara nitaviruka. Vyeo vyangu vilikuwa vifupi na mishahara ilikuwa mifupi zaidi. Nitawaeleza nilivyofundishwa kutafuta kosa kwenye mizunguko iliyoingiliana na masharti yaliyofichana, maana hiyo ndiyo kazi niliyoifanya tangu zama za kadi za kutoboa mpaka juzi, nilipowaonyesha kwamba amri moja ya break inakutoa kwenye mzunguko wa ndani tu, na ule wa nje unaendelea kufuta mafaili kwa furaha zake. Wataalamu wa lugha wanataka tuseme kitanzi. Mimi nasema mzunguko. Nilianza kazi miaka ambayo neno kitanzi hukulitamka ovyo.

Niliajiriwa muda mfupi baada ya Wahindi kufukuzwa. Kampala ilikuwa imejaa viti vitupu, na watu waliovikalia bila kujua vilikuwa vya kazi gani. Ofisi yetu ilihusika na kugawa sukari, chumvi na sabuni, vitu ambavyo serikali ya kijeshi ilianza kwa kuviadimisha, kisha ikaunda ofisi ya kuvigawa. Mkurugenzi alikuwa sajenti mstaafu aliyewahi kuchezesha mechi za jeshi. Filimbi yake ya urefa ilikuwa bado inaning'inia shingoni, juu ya tai, na saa ya chai ikifika aliipuliza. Nyuma ya mgongo wake tulimwita Refa. Usaili wangu haukuchukua muda.

"Wewe unajua kompyuta?"

"Hapana, Bwana Mkurugenzi."

"Hata mimi. Lakini Swahili unajua?"

"Ndiyo lugha ya nyumbani kwetu."

"Basi anza leo."

Babu yangu alikuja Buganda na misafara ya biashara kutoka pwani, akaoa, akafungua duka, akasahau kurudi. Kwetu Kiswahili ni lugha ya kumwombea mtoto dua na ya kumkaripia. Kwa wenzangu ofisini, wengi wao Waganda, kilikuwa lugha ya kizuizi cha barabarani: toka, kaa chini, leta kitambulisho. Mwanzoni nikimwomba mtu kalamu kwa Kiswahili alikuwa akinyoosha mikono juu kwanza, ndipo anitafutie kalamu. Kwa hiyo mwanajeshi akiingia ofisini, wenye shahada zao walikumbuka ghafla kwamba wana haja ndogo, na mimi, msichana wa kutoboa kadi, nilisukumwa mbele kwenda kuongea. Cheo hicho hakikuandikwa popote na hakikuwa na marupurupu.

Mashine yenyewe ilijaza chumba kizima na ilikuwa na ubongo mdogo kuliko simu aliyonayo mfukoni mlinzi wenu wa getini. Hata hivyo ilikuwa na kipoza hewa chake peke yake, jambo ambalo hata Mkurugenzi hakuwa nalo. Sisi tulikuwa na jasho. Kila mpokeaji wa bidhaa, awe duka, shule, hospitali au kambi, alikuwa na kadi yake ya karatasi ngumu: namba na jina lake vimetobolewa kwa matundu ambayo mashine inayasoma, na jina limepigwa chapa tena juu ili binadamu nao wasome. Kumbukeni hayo, kwamba mashine iliamrishwa kuangalia namba na binadamu waliangalia jina. Kadi zikidondoka sakafuni ulizipanga upya huku ukilia, maana mpangilio ulikuwa ndiyo kila kitu.

Aliyenifundisha kazi aliitwa Lubega, mwandishi wa programu pekee aliyekuwa amebaki. Alikuwa mtu mwembamba wa Kyebando, mpole, mwenye kofia ya sufu aliyoivaa kwa ajili ya baridi ya chumba cha mashine na akasahau kuivua jua kali likiwa nje. Yeye naye alifundishwa na Bwana Jayanti, Mhindi aliyeandika programu ya ugawaji kisha akaondoka nchini na masanduku yake bila kuacha hata mstari mmoja wa maelezo. Siwezi kumlaumu. Yeye pia hakupewa maelezo.

Siku ya kwanza Lubega hakunionyesha mashine. Aliingiza mkono chini ya meza akatoa ubao wa omweso, ule wa mashimo na mbegu nyeusi. Nikamwambia kwetu mchezo huo ni bao, na ni wetu. Akasema watu wa pwani walikuja kuiba pembe, na njiani wakaiba na omweso. Tukaanza kuelewana kuanzia hapo.

"Tazama, nyabo," aliniambia, yaani bibie kwa Kiganda. "Hii mbegu ya juu ni wilaya. Hizi za chini ni watu ya wilaya. Ya juu inatembea moja tu. Ya chini inatembea yote, inamaliza, ndiyo ya juu inatembea tena moja. Umeona?"

Niliona. Mzunguko wa nje na mzunguko wa ndani, wote ubaoni, bila kuwasha umeme, na siku hizo umeme nao ulikuwa na mambo yake. Kosa likitokea tuliketi na ubao na kadi, mmoja akawa mzunguko wa nje, mwingine wa ndani, tukasogeza mbegu moja moja na kufanya kile tu ambacho programu imesema. Leo mnaandika set -x juu ya skripti, mashine inajisimulia yenyewe hatua kwa hatua, na bado mnasema kazi ni ngumu.

Kanuni ya Lubega ilikuwa moja, na aliirudia mpaka ikanichosha: "Wewe usisaidia mashine." Maana yake ni hii. Ukisoma programu yako mwenyewe unajua ulitaka ifanye nini, basi jicho lako linaijazia mapengo, na unafika mwisho ukiapa kwamba iko sawa. Mashine haina adabu hiyo. Inafanya ulichoandika na kukuachia ulichokusudia. Makosa yote niliyowahi kuyatafuta kwa siku nzima yalikuwa yamekaa mahali ambapo nilikuwa nikiisaidia mashine bila kujua.

Sasa niwape programu ya Jayanti kwa ufupi. Mzunguko wa nje uliokota kadi moja na kuuliza: je, namba ni 999? Ikiwa ndiyo, nchi imekwisha, zima. Ikiwa siyo, hiyo ni kadi ya jina la wilaya, basi ingia ndani. Mzunguko wa ndani uliokota kadi za wapokeaji wa wilaya hiyo, zilizopangwa kuanzia namba ndogo kwenda kubwa, na kwa kila kadi ukauliza swali hilo hilo: je, ni 999? Ikiwa siyo, andika mgao wake. Ikiwa ndiyo, wilaya imekwisha, rudi nje. Kwa hiyo kila wilaya ilifungwa na kadi moja tupu yenye 999, isiyo na jina, na mwisho wa nchi ulikuwa kadi mbili kama hizo zikifuatana. Ilikuwa programu nzuri, na kwa miaka mingi haikumkosea mtu adabu.

Kisha mwezi mmoja orodha ilitoka fupi. Mashine ilisoma wilaya mbili za kwanza, ikaandika kwa heshima zote kwamba kazi imekwisha, ikatulia. Hakuna kengele wala taa nyekundu. Wilaya zote zilizobaki hazikupata sukari hata ya kumdanganyia mtoto. Mkurugenzi aliitisha mkutano akapuliza filimbi, akahutubia juu ya maadui wa taifa. Mimi na Lubega tukaendesha programu kwa kadi zetu za majaribio, ikafika mpaka wilaya ya mwisho bila wasiwasi. Tukaendesha orodha halisi, ikafia pale pale. Tukarudia majaribio, ikapita. Lubega alikonda wiki ile, na hakuwa na mwili wa kupunguza.

Jumamosi asubuhi alikuja Meja. Alikuwa mkuu wa kambi moja katika ile wilaya ya pili, mtu mnene wa sauti ya chini, na nyuma yake askari wawili wenye bunduki. Choo chetu kilijaa wasomi mara moja. Nikabaki mimi, Lubega ambaye hakuwahi kukimbia mashine yake, na Mkurugenzi ambaye alichelewa kufika chooni.

"Sukari yangu iko wapi?" Meja aliuliza. "Kambi yangu hapana pata. Askari yangu nakunywa chai kama maji ya mvua."

Nilimwambia kwamba mashine ina kosa na tunalitafuta.

"Mashine hapana na kosa. Kosa iko na mutu. Nani hapa nafanya mambo ya mashine?"

Mkurugenzi alinyoosha kidole kabla swali halijaisha. Alikinyoosha vizuri, mkono mzima, kama anayetoa penalti. Kilimwelekea Lubega.

Mnaosoma haya mmezaliwa juzi, basi niwaambie wazi. Siku hizo mtu akinyooshewa kidole mbele ya askari hakuandikiwa barua ya onyo. Aliwekwa kwenye buti la gari, na mkewe akaanza kuzunguka ofisi moja hadi nyingine akiuliza, mpaka anachoka au anaonywa achoke. Nilimtazama Lubega. Alikuwa ameshika ubao wake wa omweso kifuani kwa mikono miwili, na mbegu zilikuwa zikigongana ndani ya mashimo. Niliogopa mpaka nikahisi meno yangu ni ya mtu mwingine.

Meja alivuta kiti akakaa chini ya kipoza hewa. "Mimi nangoja hapa. Hapa baridi mzuri. Kama sukari haitoke leo, huyu nakwenda na mimi."

Lubega akaniambia kwa Kiganda, taratibu, kwamba anataka kuchezesha orodha yote kwa mkono, siyo ya majaribio, ile yenyewe. Nikamuuliza kwani kuna tofauti gani. Akasema tofauti ni kadi za makambi. Hapo nami nikazinduka. Kadi za makambi zilikuwa siri ya jeshi. Mkurugenzi alizitoboa mwenyewe, akazifungia kabatini kwake, na alikuja kuzichomeka dakika ya mwisho, huku ametufukuza chumbani. Hatukuwahi kujaribu programu nazo. Hatukuwahi hata kuziomba, maana nani angeomba kukagua kadi ya mkubwa? Tulikuwa tumejaribu kila kitu isipokuwa kile tulichokiogopa.

Nikamwambia Meja kwamba tunahitaji kuona kadi za makambi, pamoja na ya kwake. Mkurugenzi alisema hiyo ni siri ya taifa. Meja akamtazama.

"Sukari yangu ndiyo siri? Fungua."

Kadi zikaletwa, tukazichomeka mahali pake. Ila mchezo ulihitaji watu wanne, na wengine walikuwa bado chooni wakilitumikia taifa. Basi tuligawana. Lubega akawa mzunguko wa nje, na ubao wake. Mimi nikawa sharti: kazi yangu ilikuwa kutazama matundu ya namba na kusema ndiyo au hapana. Mkurugenzi tulimpa kazi ya printa, yaani kuandika anachoambiwa bila kuuliza, na aliifanya kwa kipaji cha kuzaliwa. Tukabaki bila mzunguko wa ndani.

"Hiyo mutu wa ndani nafanya nini?" Meja akauliza.

"Anaokota kadi za wilaya moja moja, afande, ananipa. Nikisema ndiyo, anaacha, anarudisha zamu kwa Lubega."

"Leta. Mimi nacheza hii tangu mutoto." Alikuwa ameutambua ubao.

Ndivyo nilivyofanya kazi na ofisa wa jeshi akiwa mzunguko wangu wa ndani, na niseme haki yake, sijapata mwingine makini kiasi kile. Wilaya ya kwanza ilikwisha bila tatizo. Lubega akasogeza mbegu ya juu, akaokota kadi ya jina la wilaya ya pili, akamkabidhi Meja zamu. Maduka yakapita, shule zikapita, hospitali ikapita. Kisha Meja akaokota kadi, akatabasamu. "Hii mimi." Akanipa.

Nami nilikaribia kusema hapana. Juu ya kadi jina la kambi lilikuwa limepigwa chapa kwa herufi kubwa, na mwenye kambi alikuwa mbele yangu anatabasamu, basi ni nani asiyejua kwamba hii ni kambi? Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Lubega akasema polepole, "Nyabo. Usisaidia mashine."

Nikashusha macho kwenye matundu. Tisa, tisa, tisa.

"Ndiyo," nikasema.

Meja alifuata kanuni. Aliacha, akarudisha zamu. Lubega akaokota kadi iliyofuata, ile tupu ya kufunga wilaya, akanipa. Tisa, tisa, tisa tena. Ndiyo. Na mzunguko wa nje ukipata ndiyo, nchi imekwisha. Mkurugenzi, printa mwaminifu, akaandika: mwisho wa kazi.

Meja alizitazama kadi zile mbili, moja baada ya nyingine.

"Kwa hiyo mashine ilisoma mimi," Meja akasema, "ikasema hii ndiyo mwisho."

Kisha akajieleza mwenyewe, kama mtu anayewaza kwa sauti. Namba yake ya zamani ilikuwa arobaini na kitu. Akasikia mkuu wa kambi nyingine ana mia mbili na kitu. Inawezekanaje mtu mdogo awe na namba kubwa? Akaja kwa Mkurugenzi akitaka namba kubwa kuliko zote, na kwenye kadi yenye nafasi ya tarakimu tatu, kubwa kuliko zote ipo moja tu. Akapewa, akaenda zake amefurahi. Hakuna aliyemwambia kwamba kwenye foleni mwenye namba kubwa husimama nyuma. Mwenye nguvu mpishe, walisema wahenga, na sisi tulimpisha mpaka nchi nzima ikalala bila chai.

"Lakini nani alinipa namba ya kumaliza?" Meja akauliza. Alikuwa anauliza chumba kizima, ingawa jibu lake alikuwa ameshalitaja mwenyewe.

Mkurugenzi alishika filimbi yake. Nakiri nilifurahi kumwona amebanwa. Kidole chake kilikuwa bado cha moto kutoka kwa Lubega, na changu kilikuwa kinawasha kumwelekea yeye. Lubega alikijua Kiswahili cha kutosha kuelewa swali. Akanigeukia, akasema maneno mengi kwa Kiganda bila kupandisha sauti, na akamalizia kwamba nitafsiri hivyo hivyo, nisiongeze.

"Anasema namba yako haina kosa, afande," nikatafsiri. "Na aliyekupa hana kosa. Kosa ni la programu. Inauliza swali moja tu, namba ngapi, kisha inakata shauri. Haiulizi jina. Ingeuliza swali la pili, ingeona kwamba hii ina jina la kambi na ile haina jina lolote, ni kadi ya kufungia tu."

"Na nani aliandika programu?"

"Aliyeiandika serikali ilishamfukuza, afande."

Meja alifikiri. Kisha akacheka, cheko la tumbo, na askari wake wakacheka kwa kuwa ndiyo ilikuwa kazi yao. "Basi ongeza hiyo swali. Mimi nangoja. Baridi iko."

Tuliongeza. Sharti ndani ya sharti, au kama mnavyoandika nyinyi, if ndani ya if: ikiwa ni 999, basi uliza, je, mahali pa jina ni patupu? Ikiwa patupu, ndipo umalize. Ikiwa pana jina, mpe mtu sukari yake. Kadi chache tu mpya za programu, zikatobolewa na mkono wangu. Mashine ikaanza kunguruma, printa ikatema karatasi, na orodha ikatoka mpaka wilaya ya mwisho kabisa. Meja aliondoka na karatasi yake na namba yake kubwa. Lubega alikaa sakafuni, akavua kofia ya sufu kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akajipepea nayo katika chumba baridi kuliko vyote Kampala.

Wasomi walirudi kutoka chooni wakitaka kujua kosa lilikuwa nini. Mmoja alisema alilishuku jambo hilo tangu mwanzo.

Aliyebadilika ni Mkurugenzi. Jumatatu alikuja chumba cha mashine, akabisha hodi, akamwomba Lubega amwonyeshe tena kwenye ubao. Akakaa akisogeza mbegu na kutoa ulimi kama mtoto wa madrasa. "Kwa hiyo ukiuliza moja tu, unaweza kumaliza mutu ambaye siyo mwisho," alisema. Kuanzia siku hiyo akawa hatari. Ukimwambia chai iko tayari, anauliza chai gani. Ukimwambia kuna mgeni, anauliza mgeni gani, wa wapi, wa nani. Ukiomba ruhusa kwenda mazikoni, anauliza maziko yapi. Tulimcheka sana nyuma ya milango, na mimi ndiye niliyeiga sauti yake vizuri kuliko wote.

Miezi ilipita. Siku moja kabla ya adhuhuri wakaja wanaume wawili wenye miwani myeusi na mashati ya maua, sare ya makachero wa siku hizo. Gari lao lilisimama mlangoni, mbele ya ngazi, mahali ambapo hapakuruhusiwa gari. Kama kawaida nilisukumwa mbele.

"Tunataka Lubega," mmoja alisema.

Kwa nini walimtaka, sijui mpaka leo. Miaka ile sababu ilikuwa imeadimika kuliko sukari, na haikuwa na ofisi ya kuigawa. Nilifungua mdomo, Kiswahili chote cha babu yangu kikanipotea. Ndipo nikamsikia Mkurugenzi nyuma yangu, na filimbi yake ikigonga kifungo cha shati.

"Lubega gani?"

Wakamtazama. Wakatazamana. Ilikuwa wazi kwamba walikuwa wamepewa jina moja, bila maelezo mengine.

"Mimi niko na Lubega mbili," Mkurugenzi akaendelea, kwa sauti ile ile ya kuuliza chai gani. "Moja ya mashine, moja ya bohari, Jinja. Nyinyi nataka gani?"

"Ya sukari," akasema yule mwingine baada ya kusita.

"Ah. Sukari yote iko bohari. Hiyo ni ya Jinja."

Wakaingia garini wakaenda Jinja. Mkurugenzi aliingia chumba cha mashine bila kubisha hodi. "Usipite nyumbani," alimwambia Lubega. Kabla ya magharibi Lubega alikuwa katikati ya mizigo ya lori la mjomba wangu, njia ya Kenya, na ubao wake chini ya kwapa. Mke na watoto walimfuata baadaye kwa njia nyingine.

Bohari ya Jinja haikuwa na Lubega. Ofisi yetu nzima, kuanzia mlinzi mpaka juu, ilikuwa na Lubega mmoja tu, na Mkurugenzi alijua hilo wakati anauliza, na alijua kwamba Jinja siyo mbali.

Walirudi asubuhi iliyofuata. Safari hii hawakuuliza chochote. Nilimwona akishuka ngazi katikati yao, ameweka tai yake sawa, na filimbi ameiacha juu ya meza. Hatukumwona tena. Mkewe alikuja ofisini mara nyingi akiuliza, nami nilikuwa nikisukumwa mbele kuongea naye.

Lubega alirudi baada ya vita vilivyoing'oa serikali ile, mvi zimejaa. Tulipokutana hakuniuliza habari za mashine. Aliuliza, "Refa yuko wapi?" Nilipomweleza, alikaa kitako barabarani pale Kyebando, mbele ya watu, akalia, nami nikalia naye. Nililia pia kwa sababu ya ile sauti niliyokuwa nikiiiga.

Hilo ndilo jibu, Brenda. Ile if ya ndani unayoiona haifanyi kitu, umeiona sawa. Siku nyingi haina la kufanya. Iache hapo.